Mtu wa Kumwendea: Historia ya Ushauri Nasaha Kibera na Kawangware

Ushauri nasaha, kwa maana inayotumika leo katika vituo vya afya, shule na nyumba za ibada nchini Kenya, ni mazungumzo yenye utaratibu kati ya mtu aliyelemewa na jambo na mwenzake aliyefunzwa kumsikiliza, kumtunzia siri na kumsaidia afikie uamuzi wake mwenyewe. Mazungumzo hayo huweza kuwa ya mtu mmoja, ya mume na mke, au ya familia nzima iliyoketi pamoja, na anayeyaongoza huitwa mshauri nasaha, ingawa mitaani Nairobi wengi humwita kaunsela. Kama taaluma yenye vyeti na ofisi, kazi hii ina umri wa takriban nusu karne tu jijini, lakini haja inayoitimiza ni kongwe, na katika mitaa ya Kibera na Kawangware historia yake ni historia ya swali ambalo kila kizazi kimelazimika kulijibu upya: mtu akizidiwa, au nyumba ikiingia ugomvi, ni nani wa kumwendea, na ni nani aliye na haki ya kuwaketisha wenye shida na kuwaambia wazungumze?

Insha hii inashikilia kwamba ushauri ulioletwa katika mitaa hii miwili na majanga makubwa, yaani ukimwi, shambulio la bomu la mwaka 1998 na ghasia za uchaguzi, uliokoa watu wengi, lakini ulififia kila fedha za janga zilipokwisha, ilhali ule uliopata mizizi ni ule uliokabidhiwa watu wanaoishi mitaani humo, wakafunzwa, wakasimamiwa na kuaminiwa. Funzo hilo lina uzito leo, kwa kuwa sheria na sera za Kenya zimeanza kuahidi huduma ya afya ya akili karibu na kila kaya, na ahadi hiyo itatimia au itavunjika kulingana na jinsi yaliyopita yatakavyoeleweka.

Wazee, haboba na senge

Kibera ilianza kama makazi ya askari. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanajeshi wa Kinubi wa kikosi cha King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, waliruhusiwa kukaa na jamaa zao katika msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikalitangaza eneo hilo la ekari zaidi ya 4,000 kuwa hifadhi ya jeshi. Wanubi hao, ambao kitovu chao kimebaki kuwa mtaa wa Makina, walikuwa Waislamu, na migogoro ya ndoa kwao ilifuata njia iliyoelekezwa na aya ya 35 ya Suratun Nisaa, ambayo inataka mwamuzi mmoja ateuliwe kutoka upande wa mume na mwingine kutoka upande wa mke ili watafute suluhu. Shauri lililowashinda waamuzi lilifika kwa imamu, na lililomshinda imamu likaenda kwa kadhi. Mambo ambayo hayakufaa kusemwa mbele ya wanaume yalikuwa mikononi mwa haboba, yaani bibi mzaa baba au mzaa mama, ambaye mwari na mke mchanga walimwendea kuhusu unyumba, uzazi na namna ya kuishi na wakwe.

Kawangware nayo ilikuwa sehemu ya Dagoretti, eneo la Wakikuyu lililohesabiwa kuwa la wilaya ya Kiambu hadi mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Huko mamlaka ya kusuluhisha yalikuwa ya kiama, baraza la wazee waliopanda ngazi za heshima kwa umri na kwa mbuzi waliotoa, na kila kijana alikuwa pia na mutiri, mtu mzima aliyemsimamia wakati wa kutahiriwa na ambaye uhusiano wao haukukoma jandoni, bali uliendelea hadi kwenye uchumba na ndoa. Wahamiaji waliokuja baadaye kuijaza mitaa hii miwili walikuwa na taasisi zao: Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala na kufundishwa maisha, na duol, mahali pa mzee wa boma na wanaume wenzake; Waluhya walikuwa na senge, shangazi upande wa baba, ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa katika ndoa ya binti wa kaka yake.

Taasisi hizi zilikuwa na mambo matatu ya pamoja. Kwanza, mshauri alikuwa jamaa au mtu wa rika la wazazi, anayejua ukoo wa pande zote mbili. Pili, ushauri mkubwa ulifanywa mbele ya mashahidi, kwa sababu maafikiano yasiyo na shahidi hayakuwa na wa kuyalinda. Tatu, lengo lake la kwanza lilikuwa kuidumisha nyumba na uhusiano wa koo zilizopeana mahari. Nguvu ya utaratibu huo ilikuwa wazi, na udhaifu wake pia ulikuwa wazi, kwa kuwa mke aliyepigwa mara nyingi alisuluhishwa ili arudi, na mtu mwenye huzuni isiyo na mkosaji hakuwa na baraza la kuipeleka.

Hospitali ya Mathari na jicho la wakoloni

Wakati wazee wakiendelea na kazi yao, serikali ya kikoloni ilijenga taasisi ya aina nyingine kabisa. Mwaka 1910 ilifungua Nairobi hospitali ya wagonjwa wa akili katika majengo yaliyokuwa yakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1924 hospitali hiyo ikapewa jina la Mathari. Kazi yake kwa Mwafrika ilikuwa kumzuia yule aliyeonekana hatari au aliyevuruga utulivu, na ndiyo maana hadi leo kwa Wanairobi wengi kutajwa kwa Mathari ni tusi au tishio, na mtu huogopa kusema amelemewa na mawazo asije akadhaniwa kuwa mwendawazimu.

Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu 1938 hadi 1950, aliandika ripoti iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 akidai kwamba ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumnyima mtu nguvu, usingizi na matumaini, ulikuwa nadra sana kwa Waafrika, na akaeleza hali hiyo kwa nadharia za ubongo na utamaduni ambazo wataalamu wa baadaye walizikataa. Mwaka uliofuata serikali ilichapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni, kilichoyageuza malalamiko ya ardhi na uhuru kuwa tatizo la akili ya Mkikuyu. Madhara ya fikra hizo yalikuwa ya vitendo: kama Mwafrika hawezi kuwa na sonona, hakuna sababu ya kumjengea mahali pa kuzungumza na mtaalamu.

Katika miaka hiyo hiyo ya Hali ya Hatari iliyotangazwa kuukabili uasi huo, Wakikuyu wengi waliondolewa Nairobi katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954, na wakazi wa Kiambu, ukiwemo upande wa Dagoretti, wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Katika kambi za kizuizini, waliozuiliwa walitakiwa kuungama kiapo chao cha Mau Mau mbele ya maofisa, na kukataa kulileta mateso. Ni rahisi kuelewa kwa nini kizazi kilichopitia hayo kilijifunza kwamba siri ya moyo haipelekwi kwa mtu wa ofisi. Mahali pa hiari pa kujieleza palikuwa pengine, hasa katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililotoka Rwanda na Uganda na kufika Kenya mwaka 1937, ambalo wafuasi wake walikutana kila wiki katika vikundi vidogo, wakaungamiana makosa na kuombeana, wakiita maisha hayo kutembea nuruni. Vikundi hivyo viliwazoesha Wakristo wa kawaida kusema hadharani habari za ndoa zao, deni zao na hasira zao, na mtindo wake ungali unaonekana katika vikundi vya maombi vya nyumbani hadi leo.

Mji usio na wazee

Uhuru uliondoa vizuizi vya Mwafrika kukaa mjini na familia yake, na katika miaka ya 1960 na 1970 Kibera na Kawangware zikageuka kuwa milango ya kuingilia Nairobi. Vyumba vya mbao, udongo na mabati, vingi vikiwa na ukubwa wa futi 10 kwa 10, vilipangishwa kwa watu kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kisii na Kati, na katika safu moja ya vyumba mke wa Kiluo aliweza kupakana na mpangaji wa Kiluhya na mwenye nyumba wa Kinubi au wa Kikuyu. Ukuta wa mabati hauzuii sauti, na kwa hivyo ugomvi wa nyumba moja ulijulikana na safu nzima kabla ya alfajiri, lakini aliyeusikia hakuwa mzee wa ukoo na hakuwa na haki ya kuingilia.

Pengo hilo lilizibwa kwa muda na vyama vya ustawi vya kikabila, mashuhuri kati yao Luo Union na chama cha Abaluhya, ambavyo vilichangisha fedha za kusafirisha maiti, vilisuluhisha wanandoa, na wakati mwingine viliwarudisha kwa nguvu vijijini wanawake walioonekana kuvunja heshima ya jamii. Vilikuwa mabaraza ya wazee yaliyohamishiwa mjini, na vilibeba busara na ukali wa mabaraza hayo. Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe, na mitaa ya kipato cha chini ikapoteza chombo kilichokuwa na uzoefu wa miongo kadhaa wa kuketisha watu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea ndani ya ndoa yenyewe. Kodi, ukosefu wa kazi ya kudumu na gharama za mahari viliongeza ndoa za njoo-tuishi, yaani maisha ya pamoja ya mwanamume na mwanamke bila posa wala mahari wala cheti. Ndoa ya aina hiyo haina mshenga, haina shangazi aliyeshuhudia, na haina upande wa pili unaoweza kuitwa, kwa sababu pande hizo hazijawahi kujuana, hivyo mgogoro unapotokea wahusika hubaki wawili peke yao. Majukumu ya wazee yakawaangukia watu wengine: mchungaji wa kanisa la mabati, ambaye mara nyingi alikuwa fundi au mchuuzi siku za wiki, viongozi wa Mothers' Union ya Kianglikana na wa vikundi vya wanawake wa Kikatoliki, mwenyekiti wa chama cha kuweka akiba, na chifu, ofisa wa serikali aliyetakiwa kusimamia usalama, lakini ambaye benchi la nje ya ofisi yake lilijaa wake waliofukuzwa na waume waliosusiwa watoto. Waganga nao waliziba sehemu ya pengo hilo, na vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme Kawangware, vinavyoahidi kumrudisha mpenzi, kutuliza nyumba na kuondoa mikosi, ni ushahidi wa wazi kuliko takwimu yoyote wa ukubwa wa haja iliyokuwepo.

Ofisi za kwanza

Ushauri nasaha kama taaluma uliingia Kenya kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa shule. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri na uelekezaji mwaka 1971, na tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza huduma hiyo iimarishwe shuleni, ingawa kwa muda mrefu mwalimu aliyepewa jukumu hilo alibaki na vipindi vyake vyote vya darasani na pia fimbo yake, mpaka adhabu ya viboko ilipopigwa marufuku mwaka 2001 na shule zikalazimika kutafuta njia ya maneno.

Mlango wa pili ulikuwa vituo vya kujitegemea. Mwaka 1979 Amani Counselling Centre ilianzishwa Nairobi, ikapata makao yake upande wa barabara ya Mbagathi, karibu kabisa na Kibera, ikatoa ushauri kwa mtu binafsi, kwa wanandoa na kwa familia, na baadaye ikawa pia chuo cha kufunza washauri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafuata chama cha washauri nasaha wa kitaaluma, Kenya Association of Professional Counsellors, ambacho nacho kilifunza kizazi kizima cha watu wa kazi hiyo. Mafunzo hayo yalijengwa juu ya fikra zilizokomaa Ulaya na Marekani katikati ya karne ya 20, hasa zile za Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani aliyesisitiza kwamba mshauri hamwamulii mteja wala hamhukumu, bali humsikiliza kwa heshima mpaka mteja aione njia yake. Kwa jamii iliyozoea mzee anayetoa uamuzi, mtu aliyesikiliza saa nzima bila kutoa amri alikuwa jambo geni, na wateja wengi wa mwanzo waliondoka wakiuliza ni shauri gani hasa walilopewa.

Ofisi hizo zilikuwa jirani na Kibera na Kawangware kwa hatua, lakini mbali kwa mambo mengine. Kawangware inapakana na Lavington, na Kibera iko ng'ambo ya barabara ya Ngong kutoka Kilimani na Hurlingham, mitaa ambayo washauri wengi wa binafsi walifungua ofisi zao, lakini ada ya saa moja ilimshinda mfua nguo au mjenzi wa kibarua anayelipwa kwa siku, na saa za ofisi zilikuwa zile zile za kutafuta riziki. Kiingereza cha ofisini na lango lenye bawabu viliongeza umbali huo.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani Nairobi liliua watu 213 na kujeruhi maelfu. Chama cha Madaktari wa Kenya kilisimamia mpango wa dharura uliopeleka washauri hospitalini, makazini na majumbani, na kwa mara ya kwanza taifa lilisikia kwa mapana habari za kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha na kujitokeza kwa ndoto mbaya, woga wa ghafla na kujitenga na watu. Kwamba mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuhitaji kaunsela lilikuwa jambo jipya kusemwa hadharani, na lilianza kusemwa wakati huo.

Chumba cha vi-si-ti

Hata hivyo, kilichompeleka mkazi wa kawaida wa Kibera na Kawangware mbele ya mshauri aliyefunzwa kilikuwa ukimwi. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na mwezi Novemba 1999 Rais Moi akautangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Kabla ya tangazo hilo wakazi walikuwa wamekwisha kujipanga wenyewe: Kibera ilikuwa na KICOSHEP, mpango wa kujisaidia ulioanzishwa na Anne Owiti mwaka 1991, uliowatembelea wagonjwa na kuwalea mayatima. Mwaka 2000 muuguzi Tabitha Atieno Festo alipewa dola 26 na mwanafunzi Mmarekani, Rye Barcott, akauza mboga kwa mtaji huo na kwa faida yake akafungua zahanati chumbani mwake, ambayo baada ya kifo chake mwaka 2004 iliendelea chini ya shirika la Carolina for Kibera ikiwa na jina lake.

Kuanzia mwaka 2001 vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, vilivyojulikana na wote kwa herufi zake tatu za Kiingereza kama vi-si-ti, vilienea nchini mpaka vikafika mamia. Utaratibu wa chumba hicho kidogo unastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu ndio uliowafundisha watu wa mitaa hii maana ya ushauri nasaha. Aliyeingia hakuulizwa jina, alipewa nambari. Mshauri, akiwa ameketi kwenye kiti sawa na cha mgeni wake, aliuliza kilichomleta, alieleza kipimo, akauliza atafanya nini majibu yakiwa haya au yale, na angemwambia nani. Ndipo alipochoma ncha ya kidole, akadondosha tone la damu kwenye kipande cha kipimo, na katika dakika za kusubiri mstari utokeze mazungumzo hayakukatika. Majibu yalitolewa pale pale, yakafuatwa na ushauri wa pili kuhusu dawa, kinga na watu wa kushirikisha.

Kwa watu wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kuketi na mtu asiye jamaa, asiye mchungaji wala ofisa wa serikali mwenye amri, akawauliza habari zao na akaapa kutozisema. Wanandoa waliopimwa pamoja walikabiliwa na jambo ambalo hakuna baraza la wazee lililowahi kulijua, yaani mmoja kuwa na virusi na mwenzake kutokuwa navyo, na mshauri wa vi-si-ti akalazimika kuwa mshauri wa ndoa hata kama mafunzo yake ya wiki chache hayakukusudia hivyo. Utaratibu wa Kenya ulidai pia kwamba mshauri mwenyewe awe na msimamizi wa kuzungumza naye, kwa kuwa anayesikiliza majonzi kutwa hulemewa, na kanuni hiyo ya usimamizi ilikuja kuwa mojawapo ya urithi muhimu wa kipindi hicho. Médecins Sans Frontières, shirika la madaktari lililotibu maelfu Kibera na kuanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, liliwatumia washauri kama sehemu ya tiba, mpaka lilipoikabidhi serikali ya kaunti kliniki yake ya Kibera Kusini mwaka 2017. Ufadhili wa ukimwi ulipopungua na upimaji kuhamishiwa katika huduma za kawaida za hospitali, vyumba vingi vya vi-si-ti vilifungwa, na pamoja navyo ulitoweka mlango ambao mtu angeingia kwa kisingizio cha kupima damu na kutoka amezungumza habari za ndoa yake.

Ghasia na vidonda vyake

Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalizusha ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha zaidi ya 600,000 nchini kote kabla ya mkataba wa tarehe 28 Februari 2008. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi: soko la Toi lilichomwa, reli ikang'olewa, majirani wa safu moja wakafukuzana kwa kabila, na wanawake wengi wakabakwa. Washauri wa Msalaba Mwekundu na wa makanisa walifika, na wahanga wa ubakaji wakapelekwa katika kituo maalumu kilichofunguliwa mwaka 2001 na Nairobi Women's Hospital, Hurlingham, ambacho kiliunganisha tiba ya mwili na ushauri. Mwaka 2017 jeraha lilitoneshwa tena, Kibera mwezi Agosti na Kawangware mwishoni mwa Oktoba, siku moja baada ya marudio ya uchaguzi wa rais, nyumba na vibanda vilipochomwa kwa misingi ya kabila.

Ghasia hizo zilionyesha tatizo ambalo vi-si-ti haikuwa nalo: mshauri mwenyewe alikuwa na kabila, na mteja alilijua kwa jina lake. Wanawake wa Kibera walijibu kwa njia yao, wakakutana wakiwa wa makabila mbalimbali kutaka amani, na Jane Anyango, aliyeongoza harakati hizo na kuanzisha Polycom Development Project katika mtaa wa Gatwekera, aliendeleza mpango wa visanduku vya mazungumzo katika shule. Kisanduku hicho ni cha bati, kina tundu juu na kufuli, na huwekwa mahali msichana anaweza kukifikia bila kutazamwa, ili aandike lililomfika, liwe la mwalimu, la mjomba au la njaa, bila kutia jina. Barua husomwa na watu wa mradi, nao hurudi shuleni kuyazungumzia yaliyomo na kuwafikia walio hatarini. Kwa mtoto anayelala na watu sita katika chumba kimoja, karatasi ndiyo faragha ya kwanza anayopata.

Majirani waliofunzwa

Katika miaka ya 2010 mitaa hii miwili ilikuwa uwanja wa majaribio yaliyofuatwa na wataalamu wa dunia. Mwaka 2015, katika eneo la Dagoretti ambalo Kawangware ni sehemu yake, Shirika la Afya Duniani na World Vision walijaribu mbinu fupi ya ushauri iliyoundwa ili itolewe na mtu asiye mtaalamu wa afya ya akili. Wanawake 421 wenye msongo wa mawazo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja lilipelekwa kwa muuguzi wa kituo cha afya, na jingine likakutana na wahudumu wa afya wa jamii, majirani waliopewa mafunzo ya siku chache na usimamizi wa kila mara, kwa vikao vitano vya dakika 90, kimoja kila wiki. Wanawake wa kundi hili la pili walifundishwa kupumua polepole ili kutuliza mwili, kuyachambua matatizo na kuchagua lile linaloweza kutatuliwa, kurejea hatua kwa hatua katika shughuli walizoziacha, na kuimarisha uhusiano na watu wa kuwaunga mkono. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua zaidi kuliko wa wale wa kundi la kwanza.

Mwaka 2018 kijana Mkenya Tom Osborn na wenzake walifanya jaribio kama hilo Kibera kwa wanafunzi 51 wa shule ya sekondari waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi. Vijana waliotoka shuleni karibuni waliwaongoza wanafunzi hao katika vikundi kwa wiki nne, wakizungumza habari za uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na mambo anayoyathamini, na dalili zikapungua kuliko katika vikundi vilivyofundishwa mbinu za kusoma. Shirika la Shamiri lililozaliwa na kazi hiyo limefika tangu wakati huo katika shule nyingi za nchi. Majaribio haya yana ndugu yao Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, na pia mjini Eldoret, ambako mpango wa Tuko Pamoja uliwafunza watu ambao tayari walikuwa wakiombwa ushauri na jirani zao, ili watoe tiba ya familia.

Mbinu hizi zilifaulu kwa sababu zilirudisha kilicho bora katika utaratibu wa wazee, yaani mshauri anayejua bei ya unga na kodi ya chumba, zikauongezea mambo mawili ambayo wazee hawakuwa nayo: siri, na usimamizi unaomzuia mshauri asigeuke hakimu. Mwanamke aliyepigwa hakuhitaji tena kuchagua kati ya baraza litakalomrudisha kwa mume na ofisi asiyoweza kuilipa.

Sheria na wajibu uliobaki

Sheria zimefuata nyuma ya mitaa. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, inayomtaka mwenye kuifanya kazi hiyo asajiliwe na bodi, na hivyo kumpa anayetafuta mshauri haki ya kuuliza cheti. Mwaka huo huo Sheria ya Ndoa iliwapa waliooana kwa mila nafasi ya kupitia usuluhishi wa kimila, na waliooana Kikristo nafasi ya kutumia vyombo vya upatanisho vya mahali walipofungia ndoa, kabla ya mahakama kuamua. Jopo lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yakazitwika serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hiyo katika jamii. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii walianza kutambuliwa rasmi kote nchini na kulipwa posho, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa kiwango hicho.

Kwa mkazi wa Kibera au Kawangware anayetafuta mtu wa kumwendea leo, milango ipo mingi kuliko wakati wowote uliopita: imamu na kadhi, kanisa, chifu, kituo cha afya cha serikali, shirika la mtaani, mwalimu wa shule ya mtoto wake, na mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba. Kinachokosekana ni uzi wa kuiunganisha, ili chifu ajue wapi pa kumpeleka mke aliyejeruhiwa, mchungaji atambue sonona isiyoondoka kwa maombi pekee, na mhudumu wa mtaa awe na mtaalamu wa kumkabidhi aliyemzidi uwezo. Ushauri uliotegemea janga uliondoka na janga, na mitaa hii imekwisha kulipa gharama ya somo hilo mara tatu. Kaunti ya Nairobi ikitenga katika bajeti yake ya kila mwaka fedha za kuwafunza, kuwasimamia na kuwalipa washauri wanaoishi mitaani humo, wala isingoje mfadhili aletwe na msiba mwingine, itakuwa inaendeleza kazi ambayo haboba wa Makina, senge wa Kawangware na muuguzi aliyeuza mboga waliifanya kwa mikono mitupu, na itakuwa inawapa wakazi wake kilicho haki yao.